Sanda Haina Pindo

Simu ilinifikia Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi moja ya Julai 2024. Namba ilikuwa ya Bibi, ingawa Bibi hapigi simu mwenyewe siku hizi. Macho yake hayazioni tena tarakimu, na ili anipate ilimbidi amwamshe mtoto wa mpangaji anayelala naye. Hakutoa salamu. Alisema tu, "Mume wangu, amekuwa mzito."

Nikaelewa. Kwa miezi minne mazungumzo yetu yote yalikuwa juu ya wepesi wake: leo amezidi kuwa mwepesi kuliko jana, leo kapanda kitandani wala sikumsikia. Bibi alikuwa akimpima paka wake kwa miguu yake, maana hapo ndipo paka alipolala kila usiku kwa zaidi ya miaka kumi, juu ya vifundo vinavyomuuma. Aliye hai hujibeba kidogo hata akiwa usingizini. Usiku ule alikuwa ameacha kujibeba.

"Asimwondoe mtu mpaka nije," nikamwambia.

"Nani amwondoe? Yupo miguuni mwangu, na mie siondoki."

Nikawahi boti la saa moja la kwenda Unguja.

Paka huyo, Kibatari, alikuja kwetu wakati wa giza, na nasema giza kwa maana yake ya kawaida kabisa. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waya uliokuwa ukituletea umeme kutoka bara kupitia chini ya bahari ulilazwa mwaka 1980, ukachoka, na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu. Mwaka 2008 tulikuwa tumeonjeshwa kwa muda wa kama mwezi mmoja. Safari hii tulilishwa tukashiba. Maji nayo yaliondoka pamoja na umeme, kwa kuwa pampu hazikuwa na cha kuziendesha, na sisi watoto tukawa wachukuzi wa madumu. Jenereta zilinguruma mbele ya hoteli na maduka makubwa. Sisi wengine tulirudi kwenye mishumaa na vibatari, na kila asubuhi nilipopenga kamasi ilitoka nyeusi.

Barafu ilipokosekana, samaki wa soko la Darajani walilazimika kuuzwa wote siku ileile waliyovuliwa. Kufika magharibi vibua walikuwa wakiuzwa kwa bei ya kutupa, na wasiouzwa walitupwa kweli. Sijapata kuona paka wa Mji Mkongwe wamenenepa kama msimu ule. Ndiyo maana yule mmoja aliyekonda alitushangaza.

Nilikuwa na miaka 12. Tulikaa mtaa wa Kajificheni, ghorofa ya pili ya nyumba ya wakfu, nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, yenye ngazi ambazo hata mchana huzishuki bila kupapasa ukuta. Usiku mmoja wa Februari, joto la kaskazi limetuama ndani kama maji ya kisima, Bibi alinituma nikafunge mlango wa chini. Binamu yangu akanifuata. Kwenye kipandio cha mwisho tukaona macho mawili ya kijani yanatutazama. Sasa najua kwamba nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, na kwamba mwanga tuliouona ulikuwa wetu wenyewe, wa kibatari nilichokishika. Usiku ule tulijua jambo moja tu kuhusu macho yanayowaka gizani. Binamu alipiga ukelele, "Jini!" akapanda mbio, akaniacha nimeganda, mafuta ya taa yakinimwagikia vidoleni.

Bibi akashuka taratibu. Siku zile alikuwa anaona vizuri. Alishona kofia za viua kwa kuuza, na uzi aliutunga sindanoni bila miwani. Akakichukua kibatari mkononi mwangu, akakiinamisha, akasema, "Jini gani huyu analia njaa?"

Alikuwa kipaka wa kike, saizi ya ngumi yangu. Mgongo mweusi, ubavuni rangi ya mdalasini, kifua cheupe kilichojaa masizi. Binamu, alipopata ujasiri wa kurudi, alitaka tumwite Nunda, kwa jina la yule paka wa hadithi aliyeanza na wanyama akaishia kula watu. Bibi ndiye aliyetusimulia hadithi ile na hakutaka jina lake liingie nyumbani. "Jina la nini mnalitafuta mbali?" akasema. "Limo mkononi mwangu." Akainua kibatari.

Umeme uliporudi mwezi Machi, mji mzima ulipiga kelele. Watoto walitoka vichochoroni wakiimba, redio zilifunguliwa zote kwa pamoja, mama mmoja wa ghorofa ya juu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kibatari alikimbilia uvunguni na hakutoka siku mbili. Hakuwa amepata kuona balbu tangu azaliwe. Bibi alimpelekea maziwa kule uvunguni, akajilaza sakafuni mtu mzima yule, shavu kwenye zulia, akimbembeleza kwa maneno ambayo mimi mjukuu wake sikuwahi kuambiwa.

Nyumbani kwetu paka hakuwa mgeni katika dini pia. Bibi alisoma chuoni tu, lakini alichosoma alikishika. Alitufundisha kwamba paka ni tohara, kwamba maji aliyoyanywa yanafaa kwa udhu, na kwamba yule sahaba aliyepokea hadithi nyingi, Abu Huraira, jina lake hilo ni la utani, linatokana na kipaka aliyekuwa akimbeba. Habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala maji mpaka akafa, na adhabu iliyomngoja, tulisimuliwa kila tulipofunga mlango kwa nguvu bila kutazama nyuma. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba bado, kila ninapofunga mlango popote pale, natazama chini kwanza.

Kulikuwa na mchuuzi wa samaki aliyepita na baiskeli na tenga, akipiga honi ya mpira. Honi zilipita nyingi mtaani, Kibatari akaijua ya huyo peke yake. Ilipolia kwenye kona ya msikiti alikuwa ameshafika kizingitini, mkia umesimama wima, ncha yake imepinda kama ndoano. Mchuuzi alimtupia kichwa cha kibua kila siku, hata siku ambazo sisi hatukununua kitu. Bibi alipojaribu kumlipa alikataa. Alisema hicho ni kichwa cha barabarani, hakina hesabu.

Kibatari alizaa mara tatu. Mara ya kwanza alizalia ndani ya sanduku la njumu la Bibi, ambalo mfuniko wake uliachwa wazi kwa bahati mbaya, juu ya doti za kanga alizozitunza kwa harusi za watu. Mimba ya paka ni kama siku 63 tu, na sote tuliiona ikikua, lakini hakuna aliyefikiri atachagua pale. Aliyeona kwanza ni Mama, akashika kichwa. Bibi akatazama ndani, akahesabu wanne, akasema kanga ya juu sasa ni yake, iliyobaki itafuliwa. Kanga ile, yenye maua ya zambarau, ikawa ya Kibatari kuanzia siku hiyo. Ilifuliwa miaka na miaka mpaka jina lake likafutika, zikabaki herufi nne ambazo hazikuunda neno. Baada ya mzao wa tatu tulimpeleka akafungwa kizazi, kwa maana watoto wa paka wa kugawa walikuwa wengi kuliko watu wa kuwapokea.

Mimi nikaja kuwa mwalimu wa Baiolojia, na kila mwaka, Kidato cha Nne wanapofika kwenye urithi wa tabia, namchora Kibatari ubaoni. Hakuna mfano mzuri zaidi. Rangi ya mdalasini na rangi nyeusi kwa paka hutegemea kromosomu X. Paka dume ana moja tu, kwa hiyo kwa kawaida atakuwa na rangi hii au ile. Jike ana mbili, na mapema sana, angali tumboni, kila seli yake huizima X moja na kuiacha nyingine. Pale ilipobaki hii pakawa peusi, pale ilipobaki ile pakawa rangi ya mdalasini. Weupe una sababu yake nyingine. Ndiyo maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na ndiyo maana hawapatikani wawili wenye mabaka yaleyale. Wanafunzi wangu wa Dar es Salaam, ambao hawajawahi kufika Kajificheni, wanamjua kwa jina.

Bibi alianza kupoteza macho mwaka 2017. Presha ya macho haina maumivu ya kukushtua. Huiba pembeni kwanza, na ilichoiba hakirudishwi. Alianza kukosa matundu ya kofia, akadhani ni uzi mbaya. Alipopelekwa kwa daktari, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika. Kufika 2020 alibaki na mwanga wa dirisha tu, na baadaye hata huo akawa anauliza kama ni mchana. Akaacha kofia. Aliyekuwa akishinda na sindano sasa alishinda na paka mapajani, vidole vyake vikitembea kwenye manyoya vilevile vilivyokuwa vikitembea kwenye kitambaa, vikitafuta, vikihesabu. Alijua kupe kabla hajanenepa. Alijua kidonda cha sikio siku ileile kilipopatikana juu ya paa.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyejua. Machi 2024 alituambia, "Paka huyu anapungua." Mama, anayekaa Mwanakwerekwe na kufika kwa Bibi kila siku baada ya alasiri, alimtazama akaona paka yuleyule. Nami nilipokwenda kula Idd nilimwona paka yuleyule. Macho yetu yalidanganywa na manyoya. Bibi alisisitiza, tena akaongeza kwamba bakuli la maji linakauka mara mbili kwa siku na hakuna joto. Daktari wa mifugo alipokuja alimweka kwenye mizani: kilo mbili na nusu, yeye aliyekuwa wa kilo nne. Akapima damu. Figo zilikuwa zimechakaa, jambo la kawaida kwa paka wazee, na dalili zake za kwanza ni hizohizo, kunywa sana na kukonda. Mama aliuliza kama anaweza kumpa nusu kidonge cha Panadol kumpunguzia maumivu. Daktari alikaribia kumshika mkono. Dawa hiyo ni sumu kwa paka, alisema, hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu nyumba nyingi zina kidonge hicho na zina paka.

Likizo ya Juni nilihamia Kajificheni kabisa. Daktari alinifundisha kumpa maji ya dripu chini ya ngozi. Unamweka kwenye taulo, unashika ngozi ya katikati ya mabega na kuivuta juu mpaka inakuwa kama hema dogo, unaingiza sindano chini ya hema hilo, halafu unafungua maji yashuke polepole. Huchukua kama dakika kumi. Yanajaa pale mgongoni yanakuwa nundu, nundu baridi inayotikisika ukiigusa, kisha taratibu inateremka kwenye bega, mwili unainywa. Siku ya kwanza nilitetemeka nikatoboa ngozi upande wa pili, maji yakanimwagikia magotini. Bibi aliniambia nimpashe joto kwanza yale maji, mfuko utiwe ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu. "Ungependa weye kutiwa maji ya baridi mgongoni?" Yeye alimshika kichwa, na alikuwa akimnong'oneza, na Kibatari alinguruma. Sikulitegemea hilo. Sindano mgongoni na bado anamngurumia Bibi.

Shule zilifunguliwa mwanzoni mwa Julai. Nikarudi Dar es Salaam, nikamwachia kazi Mama, na mtoto wa mpangaji akawa mshika taulo. Siku chache baadaye ikaja simu ile.

Nilipofika, Bibi alikuwa hajashuka kitandani. Mtoto alikuwa ameweka makaa kwenye chetezo na kutia ubani, chumba kizima kimejaa moshi mwepesi. Kibatari alikuwa amejikunja palepale miguuni, pua imefichwa chini ya mkia, kama anayelala usiku wa kipupwe. Nilipomgusa nikakuta amekauka katika umbo lile.

Lugha yetu ina ukuta mahali hapa. Mtu hufariki, mnyama hufa. Mtu ni maiti, mnyama ni mzoga. Nilisimama pale sijui nitumie neno gani, na nikatambua kwamba Bibi alinipigia simu akisema "amekuwa mzito" kwa kuwa naye hakutaka lolote kati ya hayo.

Akaniambia nifungue sanduku la njumu, upande wa kushoto, chini, nitoe kanga ya zambarau. Akaipapasa, akainusa. "Hii. Sasa chana pindo, pande zote."

"Kwa nini, Bibi?"

"Sanda haina pindo."

Nikataka kujua kama tumwoshe, na kama nitafute majani ya mkunazi. Akatikisa kichwa: hayo ni ya watu, na paka hana deni la sala, hakuna cha kumsalia. Mfute tu vumbi. Nilimfuta kwa kitambaa chenye maji, uso, makucha, na yale masikio yenye makovu, nikamfunga kwenye kanga isiyo na pindo. Vipande vinne vya pindo vilibaki mapajani kwa Bibi.

Ikabaki wapi tumzike. Mtu ambaye hajakaa Mji Mkongwe hatalielewa tatizo hili. Nyumba imegusana na nyumba, kichochoro kimesakafiwa, ua wa ndani ni jiwe na chokaa. Hakuna udongo wa kuchimba kwa jembe. Jirani mmoja mzee, mtu mwema niliyemheshimu toka utotoni, aliniita barazani nilipokuwa nikishuka, akaninong'oneza kwa huruma kabisa kwamba nimtie kwenye mfuko nimpe mzoa taka, ndivyo wafanyavyo wote. "Paka tu, mwanangu." Nikasema naam, shikamoo, nikapita. Juu dirishani Bibi alikuwa amesikia. Sauti ilishuka bila kupandishwa: "Huyu hatupwi."

Mjomba ana shamba dogo Bububu. Nikanunua pakacha Darajani, nikamlaza Kibatari ndani, nikafunika kwa kipande cha mkeka, nikapanda daladala namba 502. Kondakta aliuliza mzigo gani. Nikajibu, "Paka wetu amefariki." Nilitumia neno hilo mbele ya watu kumi na tano na sikujali. Kondakta akanitazama, akatazama pakacha, akasema weka hapo chini ya siti. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye buibui, mtu mzima. Hakusema chochote. Ila barabara ya Bububu ina kona zake, na kila gari lilipopinda aliusogeza mguu wake, akaugandamiza kwenye pakacha lisiteleze. Alifanya hivyo safari nzima, akitazama nje. Alipotaka kushuka aliliegemeza kwanza pakacha kwenye mguu wangu, ndipo akainuka. "Pole, mwanangu."

Neno pole nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile. Halimuulizi mtu amefiwa na nani.

Mjomba alikuwa ameshachimba chini ya mfenesi, akakuta mizizi, akahama, akachimba tena kando ya mlimau. Udongo wa pale ni mwekundu na laini, lakini alikwenda mpaka usawa wa paja, kwa sababu ya mbwa na vicheche. Aliingia shimoni mwenyewe kunipokea. "Nimlaze vipi?" akauliza, na nikaona mkono wake umeshageuka kuelekea kibla, mkono wa mtu aliyezika wengi. Tukatazamana. Hakukuwa na jibu lililoandikwa, na Kibatari mwenyewe alikuwa ameshachagua, hakunyooka. Mjomba akamweka kama alivyojikunja, akamtengenezea kilima kidogo cha udongo upande wa mgongo asibingirike.

Kunguru wawili walikuwa juu ya mnazi wakipiga kelele. Kunguru hawa si wa kwetu kwa asili. Waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wausafishe mji taka, wakazaana wakawa balaa, wakila mayai na makinda ya ndege wengine. Kibatari alikuwa na vita nao vya miaka. Waliwahi kumchukulia mtoto mmoja juu ya paa, na tangu hapo hakuwa akipita chini yao bila kutikisa taya kwa ule mlio wake wa meno. Mjomba naye huwarushia mawe kila siku kwa ajili ya vifaranga vyake. Niliinama kuokota jiwe. "Waache leo," akasema Mjomba, angali shimoni. "Mwana wa Adamu alipoua ndugu yake alihangaika naye, hajui amfanyeje. Aliyemwonyesha kuchimba ni huyo." Nikaliacha jiwe. Wakatutazama mpaka tulipomaliza kufukia, na Mjomba akaweka juu matumbawe matatu makubwa na kuyashindilia kwa mguu.

Nilirudi Kajificheni kabla ya alasiri. Bibi aliniuliza mambo matatu: shimo lilikuwa la kina gani, udongo ulikuwa mbichi au mkavu, na kama palikuwa na siafu. Nikamjibu moja moja. Akaitikia kwa kichwa kila jibu. Alikuwa amevisokota vile vipande vya pindo vikawa kamba moja, na vidole havikuwa vikitulia.

Jioni honi ilipiga kwenye kona ya msikiti. Wote wawili tuliinua vichwa. Nikashuka. Mchuuzi alikuwa ameshashika kichwa cha kibua mkononi, anatazama kizingiti kitupu. Nilipomwambia, alikirudisha tengani, akafuta mkono kwenye shati, akaegemeza baiskeli ukutani, akapanda ngazi zote zile kwenda kumpa mkono Bibi. Alikaa kitako sakafuni kidogo. Walizungumza habari za vibua kuadimika msimu wa kusi, na kabla ya kuondoka akasema, "Mwenyezi Mungu akupe subira, Bi Mkubwa." Hakuna mwingine aliyekuja kutupa pole kwa miguu yake. Watu hawakai tanga la paka, wala sitarajii wakae. Lakini nataka isomeke hapa kwamba mchuuzi yule alipanda.

Usiku Bibi alilalamika baridi miguuni. Nikamletea blanketi zito, nikalikunja mara mbili, nikamwekea juu ya vifundo. Akalipapasa.

"Ahsante, mume wangu. Ila blanketi halipumui."

Nikakaa mwisho wa kitanda, nikamshika miguu mpaka akapitiwa na usingizi.

Septemba tulifika kwenye kromosomu X. Nilianza kumchora kama kila mwaka, mgongo kwa chaki ya bluu kwa kuwa nyeusi haipo, ubavu kwa chaki ya rangi ya chungwa, na mwanafunzi mmoja wa mbele akauliza tumboni kulikuwaje. Nikasema kweupe. "Kote, mwalimu?" Nilitafuta kichwani sikupata. Picha ninazo simuni, tele, na zote ni za miaka ya mwisho, amejikunja. Niliwapa zoezi, nikatoka varandani, nikapiga simu Unguja.

"Bibi, Kibatari tumbo lake lilikuwa jeupe lote?"

Hakuuliza kwa nini nataka kujua. Nilisikia kanga yake ikichakarika, kama anayejiweka sawa kitandani.

"Jeupe," akasema. "Isipokuwa upande wa moyo, chini ya chuchu ya pili. Palikuwa na tone moja la mdalasini, kadiri ya senti. Nililiona siku ya kwanza, kwenye kibatari, nikadhani ni kutu ya bati nikalisugua."

Nilirudi darasani nikachukua chaki ya rangi ya chungwa.